Faragha Kwenye Simu Kuukuu: Mifumo Iliyokwisha Muda Iachwe Lini?

Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi yalipokuwa yameshika kasi, watu wa Bujumbura walijikuta hawawezi tena kufungua WhatsApp, Facebook, Twitter wala Viber kwa intaneti ya simu. RPA, redio binafsi iliyokuwa na wasikilizaji wengi, ilikuwa imefungwa tarehe 27. Wiki mbili baadaye likaja jaribio la mapinduzi la 13 Mei, na katika siku hizo hizo RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zikashambuliwa na kunyamazishwa. Habari zikahamia kwenye simu. Waandishi waliobaki bila studio wakaanzisha SOS Médias Burundi mitandaoni, na VPN, programu ya kupitisha mawasiliano kwenye njia iliyofichwa, ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia, ikawa jambo la kuulizana: umeweka ipi, inafunguka, nirushie na mimi.

Android 5 ilikuwa na miezi michache tu tangu itoke. Simu za bei nafuu zilizojaa sokoni zilikuwa na Android 4. Simu ya namna hiyo, hata kama leo bado inawaka na kupiga, haifungui WhatsApp tena. Tarehe 24 Oktoba 2023 programu hiyo ilianza kudai angalau Android 5.0, na Signal, programu nyingine ya ujumbe, nayo haishuki chini ya hapo. Kwa mwenye uwezo wa kununua simu nyingine, hiyo ni habari ndogo. Kwa asiye na uwezo huo, na hasa kwa yule ambaye mazungumzo yake yanaweza kumpeleka mahabusu, ni habari nzito.

Swali basi ni hili: watengenezaji wa programu za kulinda faragha waendelee kuibeba mifumo endeshi ambayo walioiunda wenyewe wameshaitupa, au waiache? Jibu langu ni kwamba siku ya kuiacha haikwepeki, lakini siku hiyo ipangwe kwa kutazama hatari inayomkabili mtumiaji na njia atakayobaki nayo. Umri wa mfumo peke yake hautoshi kuwa kipimo.

Rohero na mashine zake

Rohero ni mahali pazuri pa kulitazamia swali hili. Ndiyo kata ya katikati ya mji wa Bujumbura, yenye benki, wizara, balozi, mashirika na maduka, na kwenye barabara zake kuna vibanda vya kuchapa barua, kutoa fotokopi na kutuma barua pepe. Mtu anayetaka kuchapa hati ya kesi, maombi ya kazi au malalamiko yake anakaa mbele ya kompyuta isiyo yake, anaingiza nenosiri lake, anachomeka flashi yake, kisha anaondoka. Kompyuta za vibanda vya aina hii huwa ni za mtumba, na Windows 7 bado inaishi humo, ingawa Microsoft iliacha kuipa viraka vya usalama 14 Januari 2020. Zile zenye Windows 10 zimeingia kundi hilo hilo tangu 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kuongezewa muda. Nyingi kati yake haziwezi kupandishwa hadi Windows 11, kwa kuwa mfumo huo unadai kichakato cha miaka ya karibuni na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0.

Kwenye simu hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Mfikirie mteja anayefika kwa fundi na simu ya Android 6 yenye hifadhi ya gigabaiti 8. Mfumo wenyewe umeshakula zaidi ya nusu. Akibonyeza kusasisha WhatsApp, Play Store inamwambia nafasi haitoshi. Anafuta picha, anafuta video za harusi, anajaribu tena, na mega alizonunua zinaisha kabla programu haijashuka. Mwishowe fundi anamrushia APK, yaani faili la kusakinishia programu, kwa Bluetooth au Xender, faili ambalo hakuna anayejua limetoka wapi wala nani ameligusa njiani. Mteja analipa, anashukuru, anaondoka akiamini simu yake imepona.

Kununua nyingine si jambo la kuamua leo na kulifanya kesho. Burundi imo miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, na simu huletwa kwa dola. Mei 2023 bei rasmi ya dola ilipandishwa kwa zaidi ya theluthi kwa mkupuo mmoja, na kwa wabadilisha fedha wa mtaani dola imekuwa ghali zaidi ya hapo. Mtengenezaji aliyeko San Francisco au Berlin anapoandika kwenye tangazo lake kwamba watumiaji wanashauriwa kupata kifaa kipya, anatoa ushauri ambao Bujumbura una gharama ya miezi mingi ya mshahara.

Ngazi nne za kuachwa

Mjadala huu huchanganyika kwa sababu watu hudhani kuachwa ni tendo moja, kumbe lina ngazi nne. Ya kwanza ni kutopewa vitu vipya: programu inabaki kama ilivyo, lakini mianya ya usalama inaendelea kuzibwa. Ya pili ni kutozibiwa mianya: programu inafanya kazi, ila ikigundulika kasoro hakuna atakayeirekebisha. Ya tatu ni kukataliwa kusakinisha: aliye nayo anaendelea, lakini akiifuta hairudi. Ya nne ni kufungiwa mlango: seva zinakataa kuzungumza na toleo la zamani.

Signal iko karibu na ngazi ya nne. Kila toleo lake lina muda wa kuishi wa miezi mitatu hivi, na likipitwa huwezi kutuma ujumbe hadi usasishe. Mfumo wako ukiachwa, basi saa imeanza kuhesabu. Tor Browser, kivinjari kinachoficha mtumiaji ni nani na yuko wapi, ilichukua njia nyingine. Toleo la 14.0 lilipotoka Oktoba 2024, Windows 7, 8 na 8.1 hazikuwemo tena, pamoja na macOS za zamani. Lakini mradi wa Tor uliendelea kutoa viraka vya toleo la 13.5 kwa ajili ya mifumo hiyo, ukitangulia kusema kwamba ni kwa muda tu. Hiyo ni ngazi ya kwanza, yenye tarehe mbele yake. Tofauti kati ya ngazi ya kwanza na ya nne, kwa mtu wa Rohero, ni tofauti kati ya kupewa notisi na kukuta kufuli mlangoni.

Kwa nini watengenezaji wanataka kuacha

Hoja zao ni nzito na haifai kuzipuuza. Kubwa kuliko zote ni kwamba programu ya faragha haiwezi kuwa salama kuliko mfumo inaokalia. Usimbaji fiche hulinda ujumbe unapokuwa safarini. Kwenye skrini ujumbe uko wazi, na mfumo ukiwa na tundu, aliyeingia kupitia tundu hilo anasoma anachosoma mwenye simu. Bahasha iliyopigwa lakiri haina msaada ikiwa mtu amesimama nyuma ya bega la mwandishi. Julai 2015 yalitangazwa matundu yaliyoitwa Stagefright, yaliyogusa Android 2.2 hadi 5.1: ujumbe wa video ulioandaliwa kwa ubaya uliweza kumpa mshambulizi njia ya kuingia. Simu nyingi za wakati huo hazikupata kiraka kamwe. Kuweka nembo ya usalama juu ya simu ya namna hiyo ni kumpa mtu ujasiri ambao unaweza kumponza.

Hoja nyingine ni ya vifaa vya ujenzi. Programu hujengwa kwa lugha na maktaba za watu wengine, na hizo nazo huacha. Lugha ya Go, tangu toleo la 1.21 la Agosti 2023, haikubali Windows iliyo chini ya 10. Rust ikafuata Mei 2024. Snowflake na obfs4, njia ambazo Tor hutumia kujipenyeza mahali mtandao umezuiwa, zimeandikwa kwa Go. Kivinjari cha Tor chenyewe kimejengwa juu ya Firefox, kwa hiyo viraka vya 13.5 viliwezekana kwa sababu tu Mozilla, inayotengeneza Firefox, iliongeza mara kadhaa muda wa toleo lake la ESR 115. Siku Mozilla ikiacha, timu ndogo ya Tor haina mikono ya kuendelea peke yake.

Mikono hiyo ina bei. Novemba 2023 Signal ilieleza kwamba ina wafanyakazi wapatao 50, na kwamba kufikia 2025 kuiendesha kungegharimu dola milioni 50 hivi kwa mwaka, fedha ambazo kwa sehemu kubwa ni michango. Saa ambayo mhandisi anatumia kuijaribu programu kwenye simu ya mwaka 2014 ni saa aliyoinyima kazi ya kuwalinda walio wengi.

Kisha kuna suala la kundi. Mazungumzo ya watu ishirini ni salama kwa kiasi cha simu iliyo dhaifu kuliko zote. Mmoja akiwa na mfumo uliotobolewa, wenzake kumi na tisa wamefunuliwa pamoja naye, hata kama simu zao zilinunuliwa jana.

Mei 2014 hoja hizi zilifikishwa mwisho wake. TrueCrypt, programu iliyoaminiwa kote duniani kwa kufunga mafaili, ilikufa ghafla, na tangazo lake likasema kazi imesimamishwa baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows XP. Waliokuwa na siri zao ndani ya programu hiyo hawakupewa muda wa kujiandaa.

Kwa nini kuacha kwa haraka kunadhuru

Upande wa pili, kosa kubwa la wanaoacha kwa haraka ni kudhani kwamba aliyefungiwa mlango atanunua simu mpya. Aghalabu hanunui. Anarudi kwenye SMS, ambayo haina usimbaji wowote wa kumficha mbele ya kampuni ya simu. Au anatafuta APK ya mkononi kama yule mteja wa fundi, au anaazima simu ya mtu mwingine. Kote huko faragha yake imepungua. Familia za Kirundi zina jambo jingine la ziada: tangu 2015 mamia ya maelfu walikimbilia Tanzania, Rwanda, Uganda na Kongo. Kwa mama aliyebaki Bujumbura na ambaye mwanawe yuko kambini Nyarugusu au Mahama, kufungiwa WhatsApp ni kukatiwa sauti ya mtoto.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kwamba subira inalipa ni wa Let's Encrypt, shirika linalotoa bure vyeti vinavyoziwezesha tovuti kuzungumza kwa usimbaji. Cheti mama ambacho simu za zamani zilikiamini kilikuwa kinakwisha 30 Septemba 2021, na cheti kipya cha shirika hilo hakikujulikana na Android iliyo chini ya 7.1.1. Novemba 2020 likatangaza kwamba simu hizo zilikuwa karibu theluthi moja ya Android zote, na kwamba zingeanza kuona onyo la hatari kwenye tovuti nyingi mno. Ilionekana hakuna la kufanya. Mwezi uliofuata wahandisi wakapata njia: kwa kuwa Android haikagui tarehe ya mwisho ya cheti mama, sahihi ya cheti cha zamani iliweza kuongezewa miaka mitatu. Kufikia 2023, Android zinazokiamini cheti kipya zilikuwa zimepanda kutoka asilimia 66 hadi karibu 94. Watu walibadilisha simu kwa mwendo wa mifuko yao wenyewe, na waliobaki nje wakapungua kutoka theluthi hadi wachache.

Tukumbuke pia Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipozifunga kompyuta duniani kote. Microsoft ilitoa kiraka cha Windows XP, mfumo iliouacha miaka mitatu nyuma. Ilifanya hivyo kwa kuwa mashine zilizoachwa bado zimeunganishwa na za wengine, na ugonjwa wake husambaa.

Maadui watatu

Hoja za pande zote mbili ni za kweli. Zinapogongana, kinachoamua ni kumtaja adui. Historia ya karibuni ya Burundi inaonyesha aina tatu, na mfumo wa zamani haudhuru kwa kiasi kile kile mbele ya kila mmoja.

Wa kwanza ni anayekaa kwenye mtandao: anazuia, au anasikiliza yanayopita. Ndiye wa Aprili 2015, na alirudi siku ya uchaguzi wa 20 Mei 2020 mitandao ya kijamii ilipozimwa tena. Mbele yake, simu kuukuu yenye VPN au Tor iliyosasishwa inafanya kazi karibu sawa na simu mpya, kwa sababu programu hubeba usimbaji wake ndani yake. Kumnyima mtu programu hiyo kwa sababu mfumo wake ni wa zamani ni kumnyang'anya ngao inayofaa dhidi ya tishio lililo mbele yake.

Wa pili ni anayetuma kirusi au programu ya kijasusi. Hapa watengenezaji wana haki yote. Mfumo usio na viraka umeshindwa kabla ya pambano, na programu ya juu haina la kuongeza. Mtu anayejijua kuwa analengwa na mwenye uwezo wa namna hiyo asitumie simu iliyoachwa, na programu imwambie hivyo bila kuficha.

Wa tatu ni anayeichukua simu kwa mkono. Tarehe 22 Oktoba 2019 waandishi wanne wa gazeti la Iwacu, Agnès Ndirubusa, Christine Kamikazi, Egide Harerimana na Térence Mpozenzi, walikamatwa Musigati, mkoani Bubanza, walikokwenda kufuatilia habari za mapigano na waasi. Simu zao zilichukuliwa. Mahakamani hoja kubwa ya mashtaka ilikuwa ujumbe wa WhatsApp ambao mmoja wao alimwandikia mwenzake, kwa mzaha, kwamba wanakwenda kuwasaidia waasi. Tarehe 30 Januari 2020 wakahukumiwa miaka miwili na nusu jela, hadi msamaha wa rais ulipowatoa Desemba mwaka huo. WhatsApp ilikuwa imekamilisha usimbaji wa mazungumzo yake yote tangu Aprili 2016. Usimbaji huo haukuwa na nafasi ya kuwasaidia, kwa kuwa anayeishika simu iliyofunguliwa hana haja ya kuuvunja.

Mbele ya adui huyu mfumo mpya una faida halisi. Simu nyingi za bei ya chini zilikuwa hazifungi hifadhi yake kwa usimbaji, kwa kuwa vichakato vyake vilielemewa na kazi hiyo. Mwaka 2019 Google ilileta njia nyepesi iitwayo Adiantum, na kuanzia Android 10 kila simu mpya inapaswa kufunga hifadhi yake. Lakini programu nayo ina la kufanya hata kwenye simu ya zamani. Jumbe zinazojifuta, ambazo Signal ilizileta 2016 na WhatsApp 2020, zinaweza kupunguza sana cha kusomwa. Uwezo huo haudai mfumo mpya. Unadai programu iliyoruhusiwa kuendelea kusakinishwa.

Na kuna kisa ambacho hakuna mfumo ungekizuia. Aprili 2024 mwandishi Sandra Muhoza alikamatwa kwa maneno aliyoyaandika ndani ya kundi la WhatsApp la waandishi wenzake, na Desemba akahukumiwa kifungo cha miezi 21. Maneno ya kundini hutoka nje kupitia yeyote aliyemo. Anayedhani kuwa kuondoa simu za zamani kutalifanya kundi liwe salama anaiangalia sehemu ndogo ya tatizo.

Ipangwe vipi

Kutokana na hayo yote naona wajibu wa watengenezaji ukiwa na masharti manne. Maadamu vipande vya chini ambavyo programu inategemea bado vinapata viraka, mfumo wa zamani ubaki kwenye ngazi ya kwanza: bila mapambo mapya, lakini mianya inazibwa. Vipande hivyo vikifika mwisho, tarehe itangazwe angalau mwaka mmoja mbele, na ionekane ndani ya programu yenyewe, kwa Kiswahili na Kirundi pia, maana mtumiaji hasomi matangazo ya wahandisi. Kabla ya kufunga mlango, mtu apewe njia ya kuzitoa jumbe zake na kuwaaga watu wake. Na katika muda wote huo programu iseme ukweli kwenye skrini: simu hii inakulinda dhidi ya anayesikiliza mtandao, haikulindi dhidi ya anayeingia ndani ya kifaa. Onyo la namna hiyo linamheshimu mtu mzima, na linajibu hoja ya matumaini ya uongo bila kumfukuza.

Ofisi za Rohero nazo zisisubiri. Kompyuta ambayo Windows imeitupa bado inaweza kuendeshwa na Linux. Mwenye kazi nyeti anaweza kuiwasha kwa Tails kutoka kwenye flashi: mfumo mpya, wenye viraka, unaopitisha kila kitu kwenye Tor na usioacha alama kwenye mashine ukizimwa, mradi kichakato kiwe cha biti 64 na kumbukumbu iwe ya kutosha. Mashirika yanayolipia semina za usalama wa kidijitali yatenge sehemu ya fedha hizo kwa simu zenyewe. Mwandishi aliyefundishwa siku tatu akarudi na Android 6 ile ile amepewa maarifa bila chombo.

Mzigo mkubwa, hata hivyo, ni wa wanaouza simu. Samsung na Google zimeahidi miaka saba ya masasisho kwa simu zao za juu, na tangu 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai angalau miaka mitano baada ya simu kuacha kuuzwa. Simu za bei ya chini zinazoletwa kwetu huuzwa bila ahadi kama hiyo. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na mdhibiti wake wa mawasiliano, ARCT, hukaa meza moja na wenzake wa kanda. Wadhibiti hao wanaweza kudai jambo moja jepesi: tarehe ya mwisho ya masasisho ichapwe kwenye boksi la simu, kando ya bei, ili mnunuzi ajue ananunua miaka mingapi ya usalama. Sharti hilo likiwepo, watengenezaji wa programu za faragha hawatalazimika tena kuchagua kati ya kuibeba mifumo iliyooza na kuwaacha watu wasio na simu nyingine, uchaguzi ambao tangu mwanzo haukupaswa kuwa wao.